Dole Kwenye Donge

Siku Kitinda alipomwambia baba yao kwamba anataka kushika tanuri, dada yake, Dole, alikuwa amezamisha mikono kwenye unga hadi viwikoni, na kitu cha kwanza kilichompanda moyoni hakikuwa furaha, Mungu amsamehe. Kilikuwa wivu.

"Baba, Mtanashati asishike tanuri," Kitinda alisema. Alisimama katikati ya chumba cha kukandia, nywele zimejaa vumbi la unga, mkono mmoja kiunoni. "Nipe mimi."

Dole aliacha kukanda, akangoja dari liwaangukie.

Lilistahili kuanguka. Tanuri lile alilijenga babu yao, tofali juu ya tofali, nyuma ya duka la mikate, na alipomaliza akatoa amri moja tu: mwanamke asisimame mbele ya mdomo wake. Hakusema kwa nini. Wakubwa wa enzi zile hawakuona haja ya kujieleza. Basi wanawake wa ukoo ule walichunga unga, walichota maji, walikanda, walikata madonge, walipanga mikate dirishani, waliuza, na jioni wakaosha sakafu. Wanaume walitia mikate tanurini na kuitoa. Kwa kutia na kutoa huko, mwanamume aliitwa fundi, alishika ufunguo wa duka, na duka likawa mali yake. Mwanamke alibaki msaidizi hata akikanda mpaka akaota mvi.

Sasa kifua cha baba kilikuwa kimechoshwa na moshi. Kila alipoinama aliinuka na kikohozi kirefu, na ilijulikana kwamba lazima apatikane wa kumrithi. Mtoto wa kiume hakujaliwa. Alikuwa na binti zake wawili, na alikuwa na mtoto wa mdogo wake, kijana aliyeitwa Mtanashati kwa kuwa hakuna aliyewahi kumwona na kiatu kichafu. Huyo ndiye aliyeahidiwa beleshi, yaani ule ubao wa mpini mrefu wa kuingizia mikate. Kijana mwenyewe hakujua hata unga unawekwa chumba gani, lakini alikuwa na ndevu, na ndevu zilitosha.

Baba hakupiga kelele. Alicheka, kicheko kikageuka kikohozi, akajifuta macho. "Kitinda wewe, utaniua kwa vichekesho."

"Sikuchekeshi, Baba. Ukimpa Mtanashati, mimi sikandi tena. Nitaenda kukanda kwa watu."

"Haya basi." Baba alimtazama kama mtu anayemtazama mtoto aliyevaa viatu vya mkubwa. "Siku tukifunga duka, utaoka mbele yangu na baba yako mdogo. Mikate ikiwa mizuri, tutazungumza."

Tutazungumza. Dole alirudisha mikono kwenye unga na kuukanda kwa nguvu ambazo unga haukuwa na hatia ya kuzistahili.

Maana na yeye aliwahi kulitaka tanuri. Miaka ishirini nyuma, Kitinda akiwa mtoto wa kubebwa mgongoni, baba alitoka kwenda kutafuta kuni, na Dole, msichana ambaye hata kilemba alikuwa hajajifunza kukifunga vizuri, akachukua beleshi akatia mikate minne. Akaitoa. Aliipanga ubaoni, akasimama kando yake na moyo unamwenda mbio, akingoja kusifiwa. Baba aliporudi akachukua mmoja, akaumega, akatafuna polepole huku akijipapasa sikio. Kisha akasema, "Tanuri limekukataa, mama. Mkate mbaya huu." Iliyobaki akaitupa motoni, na beleshi nalo akalivunja magotini akalitupa humohumo, kwa sababu lilikuwa limeshikwa na mkono wa kike. Dole hakuonja hata chembe. Mama yao, aliyekuwa hai wakati huo, alimwambia jikoni, "Vumilia, mwanangu. Mvumilivu hula mbivu." Dole akavumilia. Hizo mbivu alikuwa bado anazingoja.

Yeye alichomewa beleshi, mdogo wake anawekewa mtihani. Lilikuwa jambo la kumfurahisha dada yeyote mwenye akili timamu. Dole alikuwa na akili timamu, na usiku hakulala.

Jina lake halikuwa Dole, ila mtaa mzima ulimwita hivyo kwa ajili ya kazi yake. Pale dukani mkandaji akimaliza kukanda humega kipande cha donge akakionja kikiwa kibichi. Akiridhika, hubonyeza dole gumba juu ya donge, likabaki shimo mfano wa kitovu, na donge likiumuka kitovu nacho kinaumuka. Shimo lile lilimwambia mtu wa tanuri kwamba unga umeonjwa, chumvi imo, hamira imo, atie bila wasiwasi. Donge lisilo na dole lilirudishwa. Lenye dole halikuulizwa swali. Tangu Dole aanze kukanda hakuna donge lake lililowahi kurudi, na hiyo ndiyo ilikuwa heshima yake pekee duniani.

Habari za mtihani zilienea mtaani kabla mikate ya asubuhi haijapoa. Mshona nguo wa nyumba ya pili alikuja dirishani kununua mkate mmoja, akakaa kwa maneno ya mikate kumi.

"Mdogo wako ana moyo, we acha tu," alimwambia Dole. "Angetokea mmoja kama yeye zamani, tungekuwa mbali."

"Ndiyo," Dole alijibu, akampa chenji.

Mzee mmoja mnunuzi wa kila siku naye akauliza kwa sauti, "Yuko wapi huyo shujaa nimwone?" kisha akamgeukia baba, aliyekuwa amekuja mbele ya duka kupumzisha kifua. "Mkate wa leo huu?"

"Wa leo," baba akasema, akijipapasa sikio.

Ulikuwa wa jana. Kitinda alimkonyeza dada yake, kama walivyozoea tangu utotoni, maana baba yao alikuwa hawezi kusema uongo bila kulishika lile sikio. Siku nyingine Dole angecheka. Siku hiyo alijifanya anapanga mikate.

Alikuwa anamwonea wivu mdogo wake kwa vitu ambavyo hata kuvitaja ni aibu. Alimwonea wivu kwa ule mkono kiunoni. Alimwonea wivu kwa namna alivyofanya mazoezi uani mchana kweupe, akitumia beleshi kuingiza mikebe mitupu chini ya benchi na kuitoa, majirani wakichungulia na kumshangilia. Kwa Dole hakuna jirani aliyechungulia. Alimwonea wivu hata kwa kuzaliwa mwisho, kana kwamba ilikuwa hila. Huyu ni mtoto aliyemlea yeye. Alimbeba mgongoni akikanda, mpaka kitoto kikawa kinalala kwa mwendo wa kukanda na kuamka ukisimama. Kila anachokijua Kitinda kuhusu unga alikipata kwenye mikono hii. Na leo mtaa unasema Kitinda ana moyo, kana kwamba huo moyo aliuokota njiani.

Ungemwuliza nani aliyemdhulumu, angekuambia bila kusita kwamba ni baba, na amri ya marehemu babu. Lakini wivu haumtazami aliyekunyima, unamtazama aliyepewa.

Siku ya kufunga duka ilipokaribia, Kitinda alikuja akaketi kwenye gunia la unga, miguu inaning'inia kama zamani.

"Dada, nikandie wewe."

"Si ukande mwenyewe? Mtihani si wako?"

"Mkono wangu unatetemeka. Nikiona dole lako, nitajua upande wa unga umekwisha, niushughulikie moto tu." Akatuliza miguu. "Na nikishindwa, Mtanashati ndiye bosi wetu mpaka tufe. Hilo unalijua."

"Nalijua. Nitakukandia."

Na alikusudia kweli. Hilo nalisema kwa haki yake. Mchana wa mtihani aliingia chumba cha kukandia na nia safi. Milango ya duka ilikuwa imefungwa, jua linaingia kwa dirisha la juu, na upande wa pili wa ukuta kuni zilikuwa zimeshaanza kulia tanurini. Alichunga unga, akamimina hamira iliyokwisha kutoa povu, akanyoosha mkono rafuni akachukua kopo la chumvi.

Ndipo akamsikia baba.

"Sogea huku, mwanangu, usije ukaungua," baba alikuwa akimwambia Kitinda mbele ya tanuri. "Huo mlango una moto. Shika kwa kitambaa. Ndiyo, hivyohivyo, mwanangu."

Mwanangu, mara mbili, mbele ya mdomo wa tanuri. Dole hakumbuki kuitwa hivyo mahali pale hata siku moja. Alisimama na kopo mkononi. Hakufikiria kitu kirefu. Alifikiria tu kwamba itakuwaje kama huyu naye ataambiwa tanuri limemkataa, aonje na yeye neno hilo lilivyo. Akalirudisha kopo rafuni. Akakanda mpaka donge likawa laini kama shavu la mtoto. Hakumega, hakuonja. Akabonyeza dole.

Unga usio na chumvi huumuka haraka, kwa furaha ya kijinga. Kitinda alipokuja kuuchukua aliuangalia, akaliona dole, akatabasamu kwa jicho lililojaa machozi. Hakuonja. Kwa nini aonje? Alikata, akaviringisha, akabeba.

Mbele ya tanuri palikuwa na viti vitatu. Baba alikaa cha katikati. Baba Mdogo, mwuza viti na meza ambaye maarifa yake ya mikate yaliishia kwenye kuila, alikaa kulia. Mtanashati alikuwa kushoto, ameweka gazeti juu ya kiti kabla ya kukaa. Dole alisimama mlangoni mikono ameifunga kwenye aproni.

Kitinda aliingiza mikate bila kutikisa hata mmoja. Alingoja bila kufungua mlango ovyo. Alipoitoa, ilikuwa imevimba sana, lakini ganda lake lilikuwa jeupe, halikushika rangi, kama uso wa mtu aliyetoka kuugua. Moyo wa Dole ukaruka kwa furaha. Ndiyo, kwa furaha, nisikufiche.

Baba Mdogo alimega wa kwanza. "Mbona chapwa?" akasema. "Hauna ladha kabisa."

Kitinda alimega wake. Alitafuna mara moja akaacha. Taratibu akageuza kichwa akamtazama dada yake mlangoni, kisha akaitazama mikono iliyofungwa kwenye aproni. Alikuwa amejua. Dole alingoja aseme, akawa ameshaandaa cha kujibu. Lakini Kitinda alimeza kile kipande, akainamisha kichwa. Hakutaka kumtaja dada yake mbele ya baba. Angepiga kelele ingekuwa nafuu.

Ikawa zamu ya baba. Aliumega mkate, akatafuna polepole. Huyu alikuwa mtu aliyekula mkate kila siku ya maisha yake. Dole aliuona ulimi wake ukitafuta chumvi na kuikosa, akaona macho yake yakihama kutoka kwenye mkate kuja kwake yeye, mkandaji, yakakaa hapo kidogo. Alijua. Alijua kosa ni la nani na ni la nini.

Kisha akainua mkono akajipapasa sikio.

"Tanuri limemkataa," akamwambia mdogo wake. "Moto ukishikwa na mkono usio wake, ladha inakimbia. Huu mkate mbaya."

Lilikuwa neno lilelile ambalo Dole alilitamani mchana kutwa. Alilipata, na badala ya utamu akasikia baridi ikimshuka mgongoni. Maana hakuwa anamsikia tena Kitinda akiambiwa. Alikuwa anaiona mikate minne ubaoni, na baba akitafuna, na mkono uleule ukipapasa sikio lilelile. Miaka ishirini aliikumbuka siku ile, akaukumbuka moto na beleshi lililovunjwa, na sikio alikuwa analiona kila mara, lakini hakuwahi kuliuliza linafanya nini pale.

"Chumvi sikutia," Dole alisema.

Wote wakageuka.

"Mkate ni chapwa kwa sababu sikutia chumvi. Nimebonyeza dole bila kuonja. Moto wa Kitinda hauna kosa." Sauti yake ilikuwa ya kawaida, kama anayetaja bei. "Na wewe Baba umejua. Umeonja ukanitazama."

"Dole, mwanangu," baba akasema kwa upole, "nyamaza tumalize."

Mwanangu. Lilikuja hatimaye, na mbele ya tanuri pia. Lilikuja kama peremende anayopewa mtoto ili asiseme alichokiona. Dole aliona aibu kwa kulililia neno lile, na aibu ikageuka hasira, na kwa mara ya kwanza hasira ile ilijua njia ya kwenda.

"Mikate yangu ya siku ile," akasema, "ile minne. Ilikuwa mizuri?"

Baba alikohoa. Kikohozi kilikuwa kirefu, na kilipokwisha hakuna aliyekuwa amejongea. "Babu yako alikuwa bado hai," akasema akitazama sakafu. "Ningefanyaje?"

"Ungekula, Baba. Basi."

Baba Mdogo alisafisha koo. "Kaka, sijaelewa. Kwa hiyo msichana ameshindwa au hajashindwa?"

"Hajapewa mtihani," Dole alimjibu. "Nakanda upya sasa hivi, na ataoka upya. Na niseme mapema, ili asije mtu akasema hakusikia. Mtanashati akishika tanuri, akande mwenyewe. Mikono hii haikandi tena unga wa mtu ambaye hajui chumvi iko wapi."

"Wala yangu," Kitinda akasema. Alisema bila kumtazama dada yake.

Mtanashati aliviangalia viatu vyake. "Kusema ukweli, Baba Mkubwa, mimi moshi unanidhuru," akasema. "Niliogopa tu kuwaambia." Baba Mdogo alimtazama mwanawe kwa muda, akaona kweli pale hakuna fundi, akavuta kiti chake nyuma kidogo.

Chumba cha kukandia kilikuwa kidogo mno kwa watu wawili wasiotazamana. Kitinda alimfuata Dole humo akafunga mlango.

"Kwa nini, Dada?"

"Wivu."

"Wivu wa nini? Si nilikuwa nafanya kwa ajili yetu?"

"Hukusema sisi. Ulisema nipe mimi."

Kitinda alilisukuma kopo la chumvi kando. "Na wewe hukusema chochote," akasema. "Siku zote hizo. Nilidhani hutaki. Nitajuaje kama husemi?" Kisha akaanza kulia kwa hasira, akifuta machozi kwa mkono wenye unga. "Kikulacho ki nguoni mwako, kumbe ni kweli. Ningekuwa nimeshindwa, ungelala usingizi?"

"Nisingelala," Dole akasema. "Hata kabla sikuwa nalala. Nisamehe, mdogo wangu."

"Sijui. Kanda kwanza."

Dole alikanda. Alitia chumvi mbele ya macho ya mdogo wake, akamega, akaonja, akabonyeza dole. Kitinda akainama, akamega kipande pembeni ya lile dole, akakionja mwenyewe. Jambo hilo lilikuwa halijawahi kutokea pale dukani. Lilimchoma Dole kuliko tusi, na moto huo aliuwasha mwenyewe.

Donge la pili liliumuka kwa mwendo wa heshima. Mikate ya Kitinda ilitoka na rangi ya asali, ikigongwa upande wa chini inalia kama debe tupu, kama inavyotakiwa. Baba Mdogo alikula mmoja mzima bila kukumbuka kwamba yeye ni shahidi. Baba alitafuna kipande chake akitazama moto. Mikono yake yote miwili ilikuwa magotini.

"Mzuri," akasema. Alivua kamba ya ufunguo shingoni. Hakumpa mtu mkononi, hilo lilikuwa kubwa mno kwake kwa siku moja. Alitundika ufunguo kwenye msumari kando ya tanuri, mahali ambapo mtu yeyote anayelishika tanuri angeufikia, akatoka nje kwenda kukohoa.

Kulikuwa na madonge mawili yaliyobaki ubaoni. Kitinda alinyoosha mkono achukue beleshi, Dole akasema, "Nipishe."

Kitinda alimtazama. Hakutabasamu, ila alisogea.

Beleshi lilikuwa zito kuliko alivyokumbuka. Dole aliingiza mikate miwili, mmoja ukakaa upande, ukagusa ukuta wa ndani. Joto lilimpiga usoni hadi machozi yakamtoka, na hakutaka kusogea. Alipoitoa, mmoja ulikuwa mzuri wa kutosha. Ule mwingine ulikuwa umeungua chini.

Safari hii hakumngoja mtu aumege. Aliuchukua ule ulioungua, ungali na moto wa kuunguza vidole, akaupasua, akala. Kisha akala kipande cha Kitinda. Cha Kitinda kilikuwa bora. Hakikuwa bora kidogo, kilikuwa bora sana, na ule wivu wake wa zamani ukampanda tena pale pale, mzima, haujapungua hata chembe.

"Wako umeungua," Kitinda akasema.

"Nimeuona," Dole akasema, akijifuta mikono. "Kesho asubuhi zamu ya kwanza ni yangu."